Mifuko Ifunguliwe

Kabla ya boti, kibanda.
Kabla ya ndege, brashi.
Tumepanga mstari, watu kumi na wanane
wa chama cha wapenda bustani cha Otaki,
tunasugua soli kama watu wanaotubu,
na Ngaire, kalamu sikioni, anatangaza:
mifuko yote ifunguliwe,
ya mgongoni, ya suruali, hata ile mliyoisahau.
Panya mmoja mwenye mimba, asema,
atakula kazi ya miaka ishirini na mitano.

Mimi nimevaa koti la Lachlan.
Ndiye aliyelipia safari, viti viwili,
mwezi Machi, Machi ambayo hakuimaliza.
Ndege sikuwajua. Nilijua chupa ya chai,
nilijua kumngoja garini nikifuma sweta
huku yeye amezama matopeni hadi magotini
akimtafuta kiumbe asiyefika gramu arobaini.

Ngaire akatia vidole kwenye mfuko wa ndani,
akatoa penseli, risiti ya petroli,
na mbegu tano za nyasi, kavu, zenye ndoano.
"Hizi haziendi." Hakusema kwa ukali.
Nilitaka kumwambia
zilimng'ang'ania yeye, kwenye kilima nisichokijua,
siku ambayo sikuwepo,
na kwamba vitu vya namna hiyo
vimeanza kuniishia.
Zikaingia kwenye ndoo yenye mfuniko.
Nikapanda boti.

Kisiwani njia ni nyembamba, mikangaga inalowesha mabega.
Kila baada ya hatua mia, kisanduku cha mbao,
ndani yake yai, na chuma kilichokamia.
Rewi, mjukuu wa Bwana Pohatu, akachuchumaa:
"Kicheche akija, anafia humu?"
"Anafia humu."
"Lakini si yeye aliyejileta."

Ngaire akaishika kofia yake, upepo haukuwepo.
"Hapana," akasema. "Hakujileta.
Watu walimleta kwa meli awamalize sungura,
na sungura nao waliletwa na watu."
Hakuongeza neno.
Mtoto hakusema kama ameridhika.
Tukaendelea, kila mmoja na buti zake safi.

Wenzangu walimkimbilia takahe.
Wanasema ni bluu nzito, mdomo mwekundu,
mwendo wa mama aliyepunjwa chenji dukani.
Mimi nilibaki nyuma, goti langu lilikwisha amua.
Nikakaa juu ya gogo,
nikakwaruza majani kwa ncha ya kiatu, bila nia yoyote,

akashuka.

Kijivu. Kifua cheupe kidogo. Miguu njiti za kiberiti.
Akasimama juu ya kiatu changu
akaninamia jicho moja, kisha la pili,
kama anayelinganisha ushahidi.
Hakunijia mimi. Aliwajia wadudu niliowafukua;
hilo tuliambiwa asubuhi, nami si mtoto.
Ngozi ya kiatu ni nene.
Nilimhisi.

Sikupiga picha. Sikuita mtu.
Alipokwisha kula akaenda zake,
na jani alilokuwa amelikanyaga
likabaki likitikisika muda mrefu kuliko ilivyostahili.

"Toutouwai," Ngaire akaniambia kwenye boti,
nilipomchorea ukubwa wake kwa vidole.
"Hao hawana woga. Ndiyo maana walikaribia kwisha."

Nyumbani nilishusha daftari la Lachlan kabatini.
Kurasa na kurasa za jina hilo, kwa penseli,
mahali, tarehe, hali ya hewa.
Na mstari mmoja, wa miaka kumi na minne iliyopita,
mwandiko wa mtu aliyeandika amesimama:
Amekaa kwenye kiatu changu!
Nimerudi mbio kumweleza Moira. Kalala garini.

Sikuwa nimelala.
Nilifumba macho ili nisipoteze hesabu ya mishono.